Mkono, Picha na Maneno Yaliyoandikwa Chini Yake: Ushahidi wa Picha katika Dola Huru la Kongo

Tarehe 14 Mei 1904, katika misheni ya Baringa, kando ya mto Maringa, alifika mtu aitwaye Nsala, mwenyeji wa kijiji cha Wala, akichukua kifurushi cha majani. Ndani ya kifurushi hicho mlikuwamo mkono mmoja na mguu mmoja wa binti yake Boali, mtoto wa umri wa miaka mitano hivi, aliyeuawa na walinzi wenye bunduki wa kampuni ya mpira. Aliyempokea ni Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, ambaye alikuwa na kamera. Alimwomba Nsala aketi ukingoni mwa baraza, viungo vile viwili vikawekwa mbele yake, naye akaviangalia. Picha ikapigwa.

Mamilioni ya watu wameiona picha hiyo tangu siku ile. Imechapishwa katika vitabu vya historia, imeonyeshwa kwenye kuta za majumba ya makumbusho, na leo inapita kutoka simu hadi simu mjini Lubumbashi kama inavyopita mjini Brussels. Walakini wachache kati ya waliyoiona wangeweza kujibu maswali mawili mepesi: je, picha hii ni ushahidi wa nini hasa? Na kama ni ushahidi, nani anayeshuhudia: ni kamera, ni mama Harris, au ni Nsala?

Maswali hayo si mchezo wa wasomi. Kila mara habari za Dola Huru la Kongo zinapozungumzwa, kuna msemaji anayesimama na kudai kwamba picha zile zilipangwa, zilipunguzwa, zilitiwa chumvi na maadui wa mfalme Leopold II, na kwamba kwa hiyo mambo yenyewe hayakutokea, au yalitokea kwa kiasi kidogo tu. Upande wa pili kuna wale wanaoishika kila picha ya mkono uliokatwa kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kusomwa, bila kuuliza ilipigwa wapi, lini, na juu ya nani. Makundi hayo mawili yanaonekana kuwa maadui, lakini kwa kweli yamejengwa juu ya kosa moja. Yote mawili yanaamini kwamba picha ama inasema kweli peke yake, ama haisemi kweli hata kidogo.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Neno «shahidi» limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na shina lake hubeba maana ya kuwapo mahali na kuona kwa macho. Shahidi ni mtu aliyekuwapo. Yeye huulizwa, hujibu, hubanwa, huweza kujikanganya, na uzito wa neno lake hupimwa kwa kuulizwa huko. Kitu kilicholetwa mbele ya baraza, kama vile panga, nguo yenye damu au barua, hakiitwi shahidi bali kielelezo. Kielelezo hakiulizwi, huelezwa. Yaani lazima atokee mtu aseme: panga hili nililiona mahali fulani, mikononi mwa fulani. Picha, kwa desturi ya lugha yetu, ingepaswa kuhesabiwa upande wa vielelezo. Lakini tangu kamera ilipoenea, watu wa mataifa yote wameizoea kama shahidi, tena shahidi asiyeweza kusema uongo.

Katika habari za Kongo, dhana hiyo ilipata mtetezi mashuhuri. Mwaka 1905 mwandishi Mmarekani Mark Twain alitoa kijitabu kiitwacho «King Leopold's Soliloquy», ambamo mfalme anasemezana na nafsi yake, akilalamika juu ya wanaomchafulia jina. Katika kijitabu hicho mfalme wa Twain anakiri kwamba kati ya mashahidi wote aliokutana nao, kamera peke yake ndiyo iliyomshinda kuihonga. Dhihaka hiyo ni kali, nayo ilifanya kazi yake. Ila tukiichukua kama kanuni ya mwanahistoria, itatupoteza, maana kamera haikuhitaji kuhongwa. Ilitosha kuichagulia mahali pa kutazama.

Dola lenyewe lilikuwa limekwisha kulifahamu hilo miaka mingi kabla ya Twain. Mjini Boma, makao makuu ya wakati ule, aliishi Herzekiah Andrew Shanu, mwana wa upande wa Lagos, aliyezaliwa mwaka 1858 na kufika Kongo mwaka 1884. Alitumika katika utawala hadi mwaka 1893, kisha akajitegemea kwa biashara. Alikuwa pia mpiga picha hodari, na kazi zake zilichapishwa katika jarida «Le Congo illustré» lililotolewa Ubelgiji. Mwaka 1897 mfalme alifanya maonyesho huko Tervuren, ambako Wakongo 267 waliletwa kutazamwa na umati katika vijiji vya kuigiza. Saba kati yao walikufa huko huko. Mwaka uliofuata reli ya kutoka Matadi ilifika Léopoldville. Picha za stesheni, za madaraja, za askari waliojipanga mistari, za watoto wa shule waliovaa nguo safi, zilitolewa kwa wingi. Hapana sababu ya kudhani kwamba picha hizo zilighushiwa. Daraja lilikuwapo, askari walisimama kweli. Udanganyifu ulikuwa katika yale yaliyoachwa nje ya fremu, na uongo wa namna hiyo hakuna fundi wa chumba cha giza anayeweza kuugundua, kwa sababu hakuna alama yoyote iliyobaki juu ya kioo cha picha.

Shanu mwenyewe alilitambua. Kuanzia mwaka 1903 alianza kumpelekea Edmund Dene Morel, mwandishi aliyeongoza vita vya maneno dhidi ya Dola Huru, hati na habari za mashtaka ya mahakamani. Jambo la kutafakari ni kwamba mpiga picha huyu, alipotaka kusema kweli, hakutuma picha bali karatasi: majina, tarehe, maneno yaliyotamkwa mbele ya hakimu. Alipogunduliwa, watumishi wa serikali walikatazwa kununua katika duka lake. Biashara ikaanguka, na mwezi wa Julai 1905 akajiua. Jina lake halitajwi mara nyingi katika madarasa yetu, nalo lingestahili kutajwa.

Turudi Baringa. Kampuni iliyomiliki mpira wa eneo lile ilijulikana kwa herufi za jina lake la Kiingereza, ABIR, nayo ilianzishwa mwaka 1892. Kila kijiji kilipangiwa uzito wa mpira wa kuleta kwa muda maalumu, na walinzi wenye bunduki waliwekwa vijijini kusimamia. Kukatwa mikono kulianza na hesabu ya risasi. Wakubwa wa askari walihofu kwamba risasi zitapotezwa kwa kuwinda wanyama au kufichwa kwa ajili ya uasi; basi kwa kila risasi iliyotumika ilidaiwa alama kwamba mtu ameuawa, na alama hiyo ilikuwa mkono wa kuume. Askari aliyepiga risasi akakosa, au aliyewinda nyani, alitafuta mkono mahali popote, hata kwa mtu aliye hai. Kwa hiyo mkono wenyewe, kabla haujapigwa picha na mtu yeyote, ulikuwa tayari umefanywa kielelezo katika ofisi ya wakubwa. Ulikuwa ni risiti. Tena risiti ya uongo mara nyingi, kwa kuwa haikuonyesha kama mwenye mkono alikufa vitani, alikufa kwa njaa, au alikuwa bado anapumua porini. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa alama ya mwili iliyotengwa na maneno ya mwenyewe, kisha ikasomwa na mwingine kwa faida yake.

Mmisionari alipokamata picha ya mkono, aliichukua alama ile ile akaigeuza imshitaki yule aliyeidai. Hiyo ndiyo nguvu ya picha za Harris, na hapo ndipo pia udhaifu wake ulipo.

Udhaifu huo ulionekana mapema, katika shauri la Epondo. Mwezi wa Septemba 1903 Roger Casement, konsuli wa Uingereza, akiwa safarini upande wa mto Lulonga, aliletewa kijana huyo ambaye mkono wake ulikuwa umekatika. Watu wa kijiji walimshitaki mlinzi mmoja wa kampuni, wakamtaja kwa jina mbele yake. Casement alilichukua shauri hilo hadi Coquilhatville, yaani Mbandaka ya leo. Baada ya konsuli kuondoka, uchunguzi wa serikali ulitoa habari nyingine: Epondo mwenyewe, ilisemwa, amekana maneno yake ya kwanza, na kukiri kwamba mkono aliupoteza kwa kung'atwa na nguruwe mwitu katika uwindaji. Taarifa ya Casement ilipochapishwa mwezi wa Februari 1904, watetezi wa mfalme walilishika shauri hili kwa mikono miwili. Kama mmoja amesema uongo, walidai, kwa nini wengine waaminiwe? Gazeti lililoandika upande wao lilifika hata kueleza kwamba mikono ile ilikatwa na waganga kwa ajili ya ugonjwa wa saratani.

Je, Epondo alishurutishwa kukana, au alilazimishwa na wenzake kushitaki? Wapinzani wa Dola walishika jibu la kwanza, watetezi wake la pili, na mtu anayejua jinsi mwanakijiji alivyosimama mbele ya wenye bunduki wakati ule atakuwa mwepesi kulielewa jibu la kwanza. Lakini hoja ya hapa ni nyingine. Epondo angepigwa picha mara mia, picha zote mia zingeonyesha kitu kimoja: kijana asiye na mkono. Nguruwe hatokei ndani ya picha, wala mlinzi hatokei. Kisu hakipo, siku ile haipo, amri haipo. Picha inashuhudia pengo, haimshuhudii aliyelitia.

Iko picha nyingine inayolithibitisha hilo bila kuhitaji mabishano, kwa sababu ndani yake wamo watu wawili. Mmoja ameketi, mwingine amesimama. Aliyeketi ni Mola: viganja vyake vyote viwili viliharibika kwa kuoza nyama baada ya askari kumfunga kamba kwa nguvu mno. Aliyesimama ni Yoka: mkono wake wa kuume ulikatwa na askari waliotaka kumhesabu miongoni mwa waliouawa. Ni majeraha mawili yenye asili mbili. La kwanza ni tokeo la kifungo, la pili ni hesabu ya risasi niliyoitaja kuwa risiti. Mtazamaji asiye na maelezo atawaona watu wawili «waliokatwa mikono», na atatoka akiamini kwamba ameelewa, ilhali amekosea juu ya mmoja wao. Wala kosa hilo si dogo, maana mwanasheria wa upande wa pili akigundua kwamba Mola hakukatwa, atasema kwamba picha nzima ni uzushi.

Hatari zaidi ni picha ya Nsongo, iliyopigwa pia mwezi wa Mei 1904. Wanaonekana wanaume Wakongo waliosimama, baadhi yao wakishika mikono iliyokatwa, na kati yao Wazungu wawili waliovaa nguo nyeupe. Nani katika picha hiyo ni muuaji? Mwanafunzi aliyeulizwa swali hilo pasipo kusoma lolote atawanyoshea kidole ama wanaume walioshika mikono, ama Wazungu walio kati yao. Ukweli ni kinyume. Wanaume wale walikuwa wamebeba mikono ya wenzao wawili, Bolenge na Lingomo, waliouawa na walinzi wa mpira, nao walikuja kulalamika. Wazungu ni John Harris, mume wa Alice, na mwenzake Stannard, wamisionari wote wawili. Wafiwa wanageuka wauaji, na watetezi wanageuka mabwana wa mauaji, kwa kukosekana mstari mmoja tu wa maandishi. Hakuna mkono wa fundi uliogusa picha hiyo.

Mambo yakiwa hivyo, si sawa kusema kwamba picha za wakati ule hazikushughulikiwa kabisa. Zilishughulikiwa. Katika nyingi, mtu aliyelemazwa amesimamishwa mbele ya kitambaa cheupe, au amevishwa nguo nyeupe na mkono wake ukalazwa kifuani juu ya weupe huo, ili kigutu kionekane vema. Nyumba, miti na watu waliokuwa kando walikatwa wakati wa kuchapa. Katika kijitabu cha Twain, picha ndogondogo za watu kadhaa zilipangwa pamoja katika ukurasa mmoja, na kwa mpango huo watu wa vijiji mbalimbali na miaka mbalimbali walifanywa kama kundi moja lililosimama pamoja. Harris na mumewe waliporudi Ulaya walizunguka Uingereza, na mwaka 1906 Marekani, wakihutubia kwa taa ya kukuzia picha ukutani. Mfululizo wa picha sitini hivi uliandaliwa kwa ajili ya mikutano hiyo, ukapangwa ili hadhira ianze kwa kutazama mandhari na iishie kwa kulia. Siku chache tu baada ya Nsala kufika Baringa, John Harris alikuwa amekwisha kuandika kwamba picha ile ikionyeshwa kwa taa itaamsha hasira ya mkutano wowote. Walijua wanafanya nini.

Je, huo ni ughushi? Hapa hapana budi kupambanua, kwa kuwa lugha ya kila siku inachanganya. Kupanga si kughushi. Mganga anayeandika habari za jeraha hulisafisha kwanza, hulileta kwenye mwanga, huliweka mahali linapopimika. Hakuna anayemwambia kwamba amelizua. Kamera za miaka ile zilimtaka mtu atulie, na mpiga picha aliyetaka jeraha lionekane hakuwa na njia nyingine ila kumwomba mwenye jeraha akae hivi au vile. Nsala hakuigiza ubaba wake. Kinyume chake, mwaka 1937 Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Muungano wa Kisovieti, alipigwa picha akitembea kando ya Stalin kwenye mfereji wa Moscow. Baada ya kuanguka na kuuawa mwaka 1940, picha ilitolewa tena, na pale alipokuwa amesimama pakabaki maji matupu. Huo ni ughushi kamili: kitu kilichokuwapo mbele ya kamera kimefutwa ili mtazamaji aamini kwamba hakikuwapo. Tofauti ya Baringa na Moscow haiko katika kuguswa au kutoguswa kwa picha. Iko katika swali hili: aliyetengeneza picha aliacha njia ya kumfikia mwenye kuulizwa, au aliifunga?

Harris aliiacha wazi. Jina la Nsala liliandikwa, jina la Wala, jina la Boali, tarehe, kampuni. Mtu wa mwaka 1904 aliyetaka kumkanusha aliweza kupanda mashua mpaka Baringa na kuuliza.

Na kweli watu walipanda mashua. Kwa amri ya mwezi wa Julai 1904 mfalme aliteua tume ya uchunguzi ya mahakimu watatu: Janssens, Mbelgiji; Nisco, Mwitalia; na de Schumacher, Mswisi. Walifika Boma mwezi wa Oktoba, kisha wakapanda mto hadi nchi ya Equateur. Wengi walitazamia kwamba tume iliyoteuliwa na mshitakiwa itamsafisha. Haikuwa hivyo, na sababu yake inatuhusu. Tume haikukaa kutazama picha. Iliketi mezani ikasikiliza mamia ya watu.

Mmoja wao alikuwa Lontulu, chifu wa Bolima. Alikuja na vijiti 110, akaviweka juu ya meza. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa kwake aliyekufa kwa ajili ya mpira. Alivigawa mafungu manne: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto, kisha akataja majina, kijiti kwa kijiti.

Inafaa kusimama kidogo juu ya vijiti hivyo. Kijiti hakifanani na mtu. Kama kufanana ndiko kunakofanya ushahidi, basi vijiti vya Lontulu vilikuwa takataka za mwituni, na picha ya Nsala ingevishinda mara elfu. Hata hivyo mbele ya mahakimu vilikuwa na uzito ambao picha haina, kwa kuwa aliyevileta alikuwapo mwenyewe, aliulizwa, na aliweza kujibu kwa jina kijiti chochote kilichonyoshewa kidole. Kijiti kilikuwa kielelezo, Lontulu alikuwa shahidi, na baina yao hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu kuandika maneno mengine chini. Tena Lontulu aliwahesabu waliokufa. Kamera iliwahesabu walionusurika. Mtu asiye na mkono aliyepigwa picha ni yule aliyeponea chupuchupu. Wale 110 hawakuwa na sura ya kuonyesha.

Taarifa ya tume ilitolewa mwezi wa Novemba 1905, ikathibitisha mengi ya yaliyoshitakiwa, ingawa ilijitahidi kuwakinga maofisa Wazungu katika suala la mikono. Lakini maneno yenyewe ya mashahidi hayakuchapishwa. Yalifungiwa katika nyaraka za Brussels, na watafiti hawakuruhusiwa kuyasoma kwa uhuru hadi miaka ya 1980. Hata Jules Marchal, aliyekuwa balozi wa Ubelgiji katika Afrika ya magharibi, alipoyatafuta alizuiwa na wizara yake mwenyewe. Huu ndio ukweli unaopaswa kuhuzunisha kuliko ughushi wowote wa picha. Kwa miaka karibu themanini, picha zilitembea dunia nzima, na maneno yaliyozifanya kuwa ushahidi yalikaa kabatini. Picha iliyonyang'anywa maneno yake hujazwa mengine. Leo Nsala huelezwa mara nyingi kama baba ambaye mtoto wake alikatwa mkono na mguu kwa sababu baba alipungukiwa mpira, kana kwamba Boali alikatwa akabaki hai. Hata jina lake halitajwi. Maelezo hayo ya kupotoka yanaenezwa na watu wenye nia njema kabisa, na kwa hayo yanawapa wakanushaji silaha.

Kwa mtaalamu wa lugha liko jambo moja zaidi. Nsala, Lontulu na wenzao hawakusema Kiingereza wala Kifaransa, wala hawakusema Kiswahili; walisema Lomongo. Kila mstari ulioandikwa chini ya picha zao ulipita kinywani mwa mkalimani au katika masikio ya mmisionari aliyejifunza lugha ile. Kwa bahati nzuri, hawakunyamazishwa wote. Katika miaka ya 1950 padre Edmond Boelaert alikusanya masimulizi yaliyoandikwa na Wamongo wenyewe, kwa lugha yao, juu ya kufika kwa Wazungu katika mito ya Equateur, na sehemu ya masimulizi hayo ilichapishwa katika «Annales Æquatoria», jarida la kituo cha Bamanya, katikati ya miaka ya 1990. Huko mpira, walinzi na mikono vinasimuliwa na watu ambao hawakuhitaji kuonyeshwa picha za Harris ili kukumbuka. Anayetaka kujua kama picha za Baringa zinaaminika ataanzia hapo, si kwa kioo cha kukuzia.

Siku hizi hali imegeuka kwa namna ambayo Morel asingeiwazia. Katika vita vya Kivu, picha za maiti za nchi nyingine na za miaka mingine hutumwa kwa simu zikiwa na jina la kijiji cha jana. Na mashine za akili unde huweza kutengeneza sura ya mtu ambaye hajapata kuzaliwa. Wapo waliokwisha kukata tamaa na kusema kwamba tangu sasa hakuna picha itakayoaminika. Tamaa hiyo inakatwa mapema mno. Inadhani kwamba zamani picha iliaminika kwa sababu ilikuwa vigumu kuighushi, kumbe picha za Nsongo na za Mola zilihitaji maelezo tangu saa ile zilipotoka katika maji ya dawa. Madhara mapya yako kwingine: yule anayetuhumiwa sasa hahitaji kutafuta nguruwe mwitu wala saratani. Inamtosha kusema kwamba picha imetengenezwa na mashine.

Mwaka 2006 msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa mfululizo uitwao «Mémoire». Alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa Union Minière, akawakata katika mandhari yao ya kwanza, akawabandika mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines ya leo. Kwa kipimo cha fundi, hizo ni picha zilizoghushiwa zote: watu wale hawakusimama kamwe mbele ya vyuma vile vilivyooza. Ila hakuna anayedanganyika, maana mshono unaonekana. Watu ni wa rangi nyeusi na nyeupe, mandhari ni ya rangi zote, na mtazamaji hulazimika kuuliza ni nani hawa, walitoka wapi, na nani aliyewapanga mstari na kuwapiga picha kwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa mwaka 2014, mjini London, picha za Alice Seeley Harris zilionyeshwa katika jengo moja na kazi mpya ya Baloji. Nsala alikuwamo, ameketi ukingoni mwa baraza, na safari hii jina la Boali liliweza kusomwa na kila aliyesogea karibu.